Seva ya filamu nyumbani na mkono wa matangazo: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Naishi mtaa wa Zimmerman, Nairobi, ghorofa ya tatu, na chini ya runinga yangu kuna laptopu kuukuu iliyopoteza kibonye cha herufi G. Hiyo ndiyo seva ya nyumba. Tangu niiwashe nimeulizwa maswali yale yale na majirani, wenzangu kazini, binamu zangu, na watu wa vikundi vya WhatsApp nisiowajua hata kwa sura. Nusu ya maswali ni ya vifaa. Nusu nyingine, ambayo sikuitarajia, ni ya matangazo: mbona yamejaa kila mahali, na mbona ushauri wa mtandaoni kuhusu vifaa hivi unanuka biashara. Nimeyaweka pamoja kwa sababu mtu akianza la kwanza hufika la pili. Anzia unapotaka, palipo na jibu kwingine nitakuelekeza.

## Mambo ya msingi

Seva ya nyumbani ni nini hasa?

Ni kompyuta yoyote inayokaa imewashwa, imehifadhi filamu, muziki na picha zako, na inazigawa kwa vifaa vingine vya nyumba kupitia waifai au kebo. Runinga ya sebuleni, simu ya mtoto, tableti ya jikoni, vyote vinaona maktaba moja. Ukisimamisha filamu sebuleni dakika ya arobaini, unaendelea kitandani kutoka dakika hiyo hiyo.

Kama umekulia Nairobi unalijua duka la muvi: kijana, kompyuta moja, diski kubwa, na orodha ya filamu mpya imebandikwa mlangoni. Unamwachia flashi, unaenda kununua sukuma, ukirudi imejaa. Seva ni duka hilo likihamia kwako, bila foleni.

Nina Netflix na YouTube. Ya nini tena?

Kama zinakutosha, kaa nazo. Mimi nilianza kwa sababu ya DVD moja. Ilikuwa ya harusi ya dada yangu, 2006, na mama aliitunza kwenye kabati la vyombo kama hatimiliki ya shamba. Siku tulipoitia kwenye mashine ilifika pale bibi harusi anashuka garini, picha ikavunjika vipande vya mraba, ikaganda. Tulijaribu mashine tatu. Ya nne, ya fundi mmoja wa barabara ya Luthuli, iliisoma polepole huku ikikoroma, na usiku huo huo nikainakili. Hakuna huduma ya kulipia yenye harusi ya dada yako.

Halafu, cha kukodi kina mwenyewe. Septemba 2021 Netflix ilileta Kenya mpango wa bure wa simu, usio na matangazo. Novemba 2023 ikaufunga. Januari 2024 Amazon ilianza kuweka matangazo ndani ya Prime Video kwa wateja wa Marekani ambao tayari walikuwa wanalipa, na asiyeyataka akaambiwa aongeze dola 2.99 kwa mwezi. Ni haki yao, huduma ni yao. Ila faili iliyo kwenye diski yangu haibadilishi masharti usiku nikiwa nimelala.

Lazima niwe na intaneti?

La. Ndani ya nyumba filamu hutoka kwenye seva, ikapitia rauta, ikaingia kwenye runinga. Haitoki nje na haigusi bando lako. Intaneti utaihitaji kupakua programu, masasisho yake, na yale majalada na maelezo ya filamu. Wachimba mitaro wakikata kebo barabarani, sisi huku tunaendelea kutazama.

Je, ni halali?

Programu zenyewe ni halali. Kinachoulizwa ni kilichomo. Video za familia, muziki ulionunua, kazi ambazo muda wa hakimiliki umeisha, hizo hazina neno. Filamu iliyonakiliwa bila ruhusa haihalalishwi na shilingi ulizomlipa kijana wa duka la muvi, maana hazikumfikia aliyeitengeneza. Kenya ina Sheria ya Hakimiliki ya 2001 na bodi yake, KECOBO. Mimi si wakili, ila najua kutazama na familia na kuonyesha umma ni mambo mawili. Hilo liko kwenye swali la ploti, chini kabisa.

## Vifaa, stima na pesa

Nianze na kompyuta gani?

Uliyo nayo. Laptopu ya miaka minane yenye prosesa ya Intel inatosha nyumba ya watu watano, na ina kitu ambacho mashine nyingi za bei kubwa hazina: betri. Stima ikipotea haizimiki ghafla. Prosesa nyingi za Intel zina pia sehemu iitwayo Quick Sync, inayogeuza video bila kuichosha mashine; umuhimu wake utauona kwenye swali la picha kukwama.

Ukiamua kununua, tafuta kompyuta ndogo yenye prosesa ya Intel N100, iliyotoka 2023. Raspberry Pi, kile kikompyuta cha bodi moja, ina wapenzi wake, nami ninayo moja, lakini kwa kugeuza video ni dhaifu. Raspberry Pi 5 haina hata kisimbaji cha H.264, yaani sehemu ya kubana video kwa umbo linalotumika sana, ndani yake. Itakufaa kama runinga yako inasoma faili zako zote jinsi zilivyo.

Itakula stima kiasi gani?

Laptopu ya wati 15, saa 24 kwa siku 30, ni yuniti 10.8. Kompyuta ya mezani ya zamani inayokula wati 80 ni yuniti 57.6. Fungua ujumbe wako wa mwisho wa tokeni, gawa pesa ulizolipa kwa yuniti ulizopewa, kisha zidisha. Hiyo ndiyo bei yako halisi, pamoja na kodi na ada zote. Wengi huniambia wamepewa mashine ya mezani bure, ofisi ilikuwa inaitupa. Kwa mwaka mmoja hiyo ya bure itakula yuniti 560 na ushee zaidi ya laptopu.

Stima ikipotea ghafla?

Anayeumia ni diski. Na hapa kuna mtego: diski kubwa ya nje ina waya wake wa kuchomeka ukutani, kwa hiyo laptopu itabaki hai kwa betri huku diski imekufa katikati ya kuandika. Tumia diski ndogo inayovuta nguvu kutoka kwenye USB, au nunua UPS, yaani betri ya akiba, na uichomeke diski na rauta humo. Niliyajua haya usiku wa mvua, transfoma ya mtaa ilipolia kama risasi. Stima iliporudi, diski ilikuwa inagonga tik, tik, tik, kama mtu anayepima mlango kwa ukucha. Haikuamka tena.

Kwa hiyo nakala ya pili si anasa. Filamu utazipata tena. Picha za mazishi ya babu hutazipata. Ziweke diski mbili, moja ikae nyumba nyingine. Yangu iko kwa mama Murang'a, kabati lile lile.

Ninunue diski ya ukubwa gani?

Video ya megabiti 5 kwa sekunde hula gigabaiti 2.25 kwa saa, yaani filamu ya saa mbili ni 4.5. Diski ya terabaiti 2 itabeba zaidi ya filamu 400 za aina hiyo. Usishtuke kompyuta ikikuonyesha 1.8: kiwanda huhesabu kwa elfu, Windows huhesabu kwa 1,024.

Cha kushtukia ni bei. Diski au flashi ya terabaiti mbili inayouzwa kwa bei ya chakula cha mchana ni feki. Ndani kuna nafasi ndogo sana na programu iliyofunzwa kudanganya. Unajaza, inakubali, majina ya faili unayaona, kumbe inaandika mapya juu ya ya zamani. Kabla hujaitumia, ipime kwa programu ya bure: H2testw kwenye Windows, F3 kwenye Linux au Mac. Huijaza yote, kisha husoma kilichoandikwa. Inaweza kuchukua usiku mzima, subiri. Mimi sikusubiri, na jinsi nilivyoshawishika kununua iko kwenye swali la jinsi matangazo yanavyobadilisha mazungumzo.

## Programu

Plex, Jellyfin, Emby au Kodi?

Kodi si seva kwa maana hii. Ni kichezeshi kizuri cha runinga moja. Kilianza kwenye mashine za michezo za Xbox, kikaitwa XBMC hadi kilipobadilishwa jina 2014. Zilizobaki tatu ni seva kamili, na historia zao zinafaa kujulikana kwa sababu ni hadithi ya nani analipa.

Plex ndiyo rahisi kuliko zote kusimamisha. Ni kampuni, ina wawekezaji, na kampuni hutafuta faida. Desemba 2019 iliongeza filamu za bure zenye matangazo, zikakaa kwenye ukurasa mmoja na maktaba yako. Novemba 2023 wengi walishtuka kuona barua pepe za kila wiki zikiwaeleza marafiki walichotazama. Mwishoni mwa Aprili 2025 leseni ya maisha ilipanda kutoka dola 120 hadi 250, na kutazama maktaba yako ukiwa nje ya nyumba kukawa kwa kulipia. Bado inafanya kazi vizuri. Bado ina watu wanaoipenda.

Emby ilikuwa na msimbo wazi, ambao yeyote angeweza kuusoma na kuubadilisha, hadi Desemba 2018, ilipoufunga. Baadhi ya waliokuwa wakiuchangia walichukua toleo la mwisho lililo wazi wakaanzisha Jellyfin. Hii ni ya bure kabisa, haina kampuni nyuma yake, huishi kwa michango na kazi ya kujitolea. Utaiona hivyo: kuna siku sasisho huvuruga kitu ukakaa nalo jioni nzima. Ndiyo ninayotumia.

Kwa nini picha inakwama na mtandao wangu uko sawa?

Hili ndilo swali ninaloulizwa kuliko yote, na jibu mara nyingi si mtandao. Kuna njia mbili za filamu kufika kwenye runinga. Ya kwanza, runinga inaielewa faili kama ilivyo, na seva inaituma tu, kama mhudumu anayebeba sahani. Ya pili, runinga haiielewi, kwa hiyo seva inaifungua na kuipika upya papo kwa papo. Upishi huo ndio unaoua laptopu: feni inalia, picha inazunguka kiduara, watoto wanakulaumu.

Angalia mambo matatu. Video ya H.265, umbo jipya kuliko H.264, huwashinda vichezeshi vingi vya zamani. Sauti ya umbo la DTS haisomwi na runinga kadhaa mpya, na wengi huishia kulaumu picha. La tatu ndilo la kushangaza: manukuu. Manukuu ya diski za Blu-ray ni picha, si maandishi, na kifaa kisichoyasoma huilazimisha seva kuyachora juu ya kila fremu. Tafuta yenye umbo la SRT, ambayo ni maandishi matupu, tatizo huisha. Nimewahi kuitwa Kahawa West usiku nikarekebishe seva, nikazima manukuu, nikapewa chai, nikarudi.

Kama hayo yote ni sawa, chomeka kebo badala ya waifai. Kuta za ploti zetu ni za mawe, na kila nyumba ina rauta yake inayopigia wengine kelele.

Jellyfin haioni filamu zangu, au inazipa majina ya ajabu.

Panga majina: jina la filamu, mwaka kwenye mabano, folda moja kwa kila filamu. Faili za duka la muvi huwa na majina kama nambari ya gari la wizi.

## Matangazo na jamii za mtandaoni

Matangazo yanahusiana vipi na seva ya nyumbani kwangu?

Kwa njia mbili. Kifaa unachotazamia kimewekewa matangazo tayari, na ushauri uliokufikisha dukani huenda ulilipiwa. Kifaa nakijibu hapa, ushauri unafuata.

Runinga janja nyingi zinaweza kutambua unachotazama kwa kuchukua vipande vya picha iliyo kwenye kioo na kuvilinganisha na hifadhi yao. Haijalishi kama filamu imetoka kwenye king'amuzi, DVD au seva yako. Mwaka 2017 kampuni ya runinga ya Vizio ililipa dola milioni 2.2 kumaliza kesi Marekani, iliposhtakiwa kukusanya habari hizo kwenye runinga milioni 11 bila wenyewe kuelewa. Ingia kwenye mipangilio, tafuta sehemu ya faragha, zima kila kinachotaja kutambua maudhui au matangazo yanayokulenga. Au usiiunganishe runinga na intaneti kabisa. Iunganishe na seva kupitia kisanduku kidogo unachokidhibiti wewe.

Pi-hole itaniondolea matangazo yote?

Hapana. Pi-hole ni programu unayoiweka kwenye mtandao wa nyumbani; huzuia majina ya seva za matangazo kwa nyumba nzima, na hilo hulifanya vizuri. Lakini matangazo ya YouTube hutoka kwenye majina yale yale yanayoleta video, kwa hiyo hupita. Na runinga nyingine zimeandikiwa ndani anwani yao ya DNS, yaani mahali pa kuulizia majina ya tovuti, zinaizunguka Pi-hole.

Matangazo yanabadilishaje mazungumzo ya watu mtandaoni?

Ukisema tangazo, watu hufikiria bango. Mabango ni ya kale; Oktoba 27, 1994 tovuti ya HotWired iliweka la AT&T, na mengine yakafuata. Bango unaliona, unalipita. Linalogeuza jamii ni tangazo linalokaa kimya na kuamua nani asikike na swali gani lionekane la utovu wa adabu.

Nilikuwa kwenye kikundi kimoja cha WhatsApp cha wapenda seva wa hapa Nairobi. Kilianza na watu kama arobaini. Mtu akiandika, "Wakuu, diski inagonga, nifanye nini?" alipata majibu matano kabla chai haijapoa, mawili yakipingana, na mabishano yenyewe yalikuwa darasa. Kikakua. Msimamizi akachoka, na ni haki yake. Kazi ya bure ina mwisho. Muuzaji mmoja wa vifaa akaanza kumpa kitu kidogo kila mwezi ili tangazo lake libandikwe juu. Hakuna aliyelalamika, mimi nikiwemo.

Miezi michache baadaye, kila aliyeuliza "diski gani nzuri?" alijibiwa kwa kiungo cha muuzaji huyo. Wale waliozoea kujibu kwa urefu, kwa kulinganisha na kuonya, walinyamaza mmoja mmoja, maana jibu lilikuwa limeshatolewa. Nami nikanunua diski kwake. Siku tisa baadaye video za kipaimara cha mpwa wangu zilikuwa majina matupu. Niliipima, nikatuma picha ya matokeo kikundini: ilikuwa na gigabaiti 58. Ujumbe ulifutwa. Msimamizi akanipigia simu, kwa upole kabisa.

"Kaka, nakuelewa. Lakini huyu ndiye anatulipia."

Hakuwa mtu mbaya, na sikumjibu kitu. Ni nilipokuwa nimekwama ndani ya matatu kwenye foleni ya Roysambu, kesho yake, ndipo nilipojiuliza: anatulipia nini? WhatsApp ni bure. Kikundi hakikuwa na gharama yoyote ila muda wa mtu mmoja, na tungeweza kumchangia sisi wenyewe.

Hicho ni kikundi kidogo. Majukwaa makubwa je?

Ni mchezo ule ule, dau tu ndilo kubwa. Mwaka 2023 Meta, mwenye Facebook na WhatsApp, iliingiza karibu dola bilioni 135, na zaidi ya asilimia 97 zilitoka kwenye matangazo. Ukilipwa kwa kadiri watu wanavyokaa, utapanga mazungumzo yawaweke. Jibu fupi na sahihi humruhusu mtu aondoke. Ugomvi humrudisha.

Kwa watu wa seva, somo kubwa lilikuwa Reddit, tovuti ya mabaraza ya mazungumzo. Kwa miaka ndiko walikojadiliana, wengi wakitumia programu za watu wengine ambazo hazikuonyesha matangazo ya Reddit. Mwaka 2023 kampuni ikatangaza bei ya kuzifikia data zake kwa programu hizo. Mtengenezaji wa Apollo, mojawapo ya programu hizo, alikadiria angetozwa kama dola milioni 20 kwa mwaka. Juni 12 maelfu ya jumuiya zilijifunga kwa kupinga. Apollo ilizimwa mwishoni mwa mwezi, na Machi 2024 Reddit ikaingia soko la hisa. Wakati wa vurugu hizo watu wa Jellyfin walifungua baraza lao, kwenye seva wanayoimiliki wenyewe. Washiriki walipungua. Ila anayesimamia pale hana mdhamini wa kumpigia simu.

Nitajuaje kama anayesifu kifaa analipwa?

Tazama kiungo kwanza. Anwani ndefu yenye msimbo mwishoni mara nyingi ni ya kamisheni: ukinunua, aliyekutumia hupata asilimia. Kamisheni si dhambi kama imesemwa. Pili, tafuta lawama. Mtu aliyeishi na kifaa mwaka mzima ana kitu kinachomuudhi kukihusu. Asiye na neno baya hata moja amekisoma kwenye boksi. Tatu, muulize hadharani, "Wameku-sponsor?" Asiyelipwa hucheka.

Biashara hii hapa kwetu si uvumi. Mwaka 2021 shirika la Mozilla lilichapisha uchunguzi wa Odanga Madung na Brian Obilo kuhusu hashtegi za kulipiwa Twitter ya Kenya: walioshiriki kampeni za kuwashambulia majaji na wanaharakati walilipwa kama dola 10 hadi 15 kwa kushiriki kampeni tatu kwa siku. Kama maoni juu ya jaji yana bei hiyo, sifa za kisanduku cha runinga zitakuwa na yake. Hata serikali inajua: Sheria ya Fedha ya 2023 ilianza kukata kodi ya zuio ya asilimia 5 kwenye mapato ya maudhui ya kidijitali, udhamini na kamisheni zikiwemo.

Kikundi kisicho na matangazo kitajilipiaje?

Kwanza jueni gharama ni ipi. Vingi havina. Palipo na seva ya kulipia, changeni kama chama: kiwango kidogo, kwa M-Pesa, na hesabu ibandikwe kila mwezi mahali lile tangazo lingekaa. Na badilisheni zamu ya usimamizi, kwa sababu kinachomsukuma msimamizi kwa muuzaji mara nyingi ni uchovu, si tamaa.

Lakini redio na runinga zetu si zimelipiwa na matangazo miaka yote?

Kweli, na sidai dunia isiyo na matangazo. Wengi wetu tulijifunza nyimbo za sabuni kabla ya wimbo wa taifa. Tofauti ni kwamba tangazo la redio lilikuwa na mlango wa kuingilia na wa kutokea. Ulijua sasa ni biashara, sasa ni habari. Halikukujua jina, na halikukaa miongoni mwa majirani zako likijifanya jirani.

## Hali za pembeni

Naweza kutazama nikiwa ushago au kazini?

Unaweza, ila usifungue mlango wa seva moja kwa moja kwenye rauta. Kuna mashine duniani zisizofanya kazi nyingine ila kupapasa milango hiyo. Isitoshe, watoaji wengi wa intaneti huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya umma, kwa hiyo hata ukifungua hutafikika. Tumia Tailscale, inayojengwa juu ya WireGuard, teknolojia ya kuunganisha vifaa kwa njia iliyofichwa: unaiweka kwenye seva na kwenye simu, na vifaa viwili vinaonana kana kwamba viko sebule moja. Ina mpango wa bure kwa matumizi binafsi. Mwendo utategemea kasi ya kupakia ya nyumbani kwako, si ya kupakua.

Naweza kunasa chaneli za bure za runinga kwenye seva?

Ndiyo, na watu wachache wanajua. Kenya ilihamia utangazaji wa runinga wa dijitali 2015, mwaka ule chaneli kubwa zilipozimika karibu wiki tatu kwa mvutano juu ya uhamaji huo. Mawimbi ni ya aina iitwayo DVB-T2. Nunua kinasio cha USB kinachotaja DVB-T2, kwa sababu cha DVB-T tupu hakitashika kitu, uchomeke antena, uweke Tvheadend, programu ya kupokea chaneli, kisha uiunganishe na Jellyfin. Habari za saa moja zitajirekodi zenyewe. Matangazo yamo, lakini unayaruka.

Majirani wa ploti wanataka niwaunganishe wote. Nikubali?

Video zako za familia na za kwaya ya mtaa, wape. Filamu za watu, hapana. Ukishavuka nyumba yako unakaribia kusambaza na kuonyesha umma, ambako kuna hakimiliki na, kwa maonyesho, leseni ya Bodi ya Kuainisha Filamu. Ukiongeza ada ya mwezi umefungua duka la muvi bila kujua.

Kuna na la kibinadamu. Nilimuunganisha jirani mmoja kwa muziki wa injili tu. Wiki ya pili alibisha hodi saa nne na nusu usiku, taulo begani: "Jirani, pole kwa usumbufu, mtandao wako umekufa?"

Keyateka, mtunza ploti yetu, anataka niweke tangazo la duka lake la gesi kwenye ukurasa wa mbele wa seva.

Hili nimeulizwa na watu wawili, kwa hiyo linahesabika. Kitaalamu ni rahisi, Jellyfin hukuruhusu kubadilisha mwonekano. Mimi nilikataa, nikanunua gesi kwake.

Wewe umelipwa na nani kuandika haya?

Hakuna. Ila yule fundi wa Luthuli aliyeisoma DVD ya harusi nimempelekea wateja sita au saba, na mara ya mwisho alinipa kebo mbili za HDMI akakataa pesa. Moja imeshakufa.